Pumu si baridi tu, hata shamba lina mkono

Ukikohoa Kitale, kila mtu ni daktari: "Vaa sweta, hiyo ni baridi." Sikatai. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa baridi hubana kifua cha mwenye pumu. Lakini kama ni baridi tu, mbona wengine hubanwa Januari, jua likiwaka na vumbi likitimka?

Nadhani tunasahau shamba. Hewa ya huku hufuata kalenda ya mkulima. Mvua ikianza Machi au Aprili, nyasi humea, huchanua na kumwaga chavua, ule unga mwepesi wa maua unaobebwa na upepo. Chavua ya mahindi ni nzito, haiendi mbali, ila ni nani Trans Nzoia anaishi mbali na mahindi? Kuanzia Oktoba tunavuna, na vijana wanapata vibarua vya kupukuchua kwa mashine. Vumbi lile, wacha tu! Utapata jamaa amejifunga fulana puani, basi. Ukishuka Bungoma kupitia Kiminini na Webuye, unapokelewa na moshi wa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa.

Mvua nayo husafisha hewa, ikinyesha taratibu. Ile ya radi na upepo mkali ni mambo mengine: unyevu hupasua chavua ya nyasi ikawa vipande vidogo vinavyopenya hadi ndani ya mapafu. Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo ilisababisha vifo vya watu 10 Melbourne, Australia. Wengi waliokimbizwa hospitalini hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Na sisi radi za alasiri tunazijua vizuri.

Redio hutuambia wakati wa kupanda. Mbona isituambie pia: leo kuna radi, mwenye pumu funga dirisha, beba inhela? Na kaunti zihakikishe zahanati zina inhela ya kinga, si ile ya bluu pekee. Ya bluu hufungua njia ya hewa kwa muda, uvimbe wa ndani inauacha palepale.

Halafu nyinyi wasee mnaocheka msichana akitoa inhela kwa matatu, eti "unavuta nini?" Mnafanya aifiche mkobani hadi kifua kianze kupiga filimbi. Na wewe wa kibarua cha kupukuchua, mdai mwenye mashine barakoa kabla hajawasha injini.