Mdukuzi Hana Kosa Peke Yake

Wadau, leo nina ugomvi na mafundi wetu wa kompyuta pamoja na mabosi wanaowalipa.

Karibu kila ofisi sasa ina mfumo unaotuma barua pepe wenyewe: risiti, ankara, kumbusho la ada. Seva ya barua haiupokei mfumo huo bila jina na nywila. Swali langu ni moja: hiyo nywila mmeiweka wapi? Wengi wameiandika waziwazi ndani ya programu, tena ni ile ile ya bosi! Anayeipata programu anaipata na nywila. Kesho mzazi anapokea barua kutoka anwani halali ya shule ikimwambia alipe ada kwenye akaunti mpya. Atalipa. Kwa nini asilipe?

Najua mtaniambia, "Wewe unakuza mambo, nani atahangaika na kakampuni ketu?" Haya, tuanze na wakubwa. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hifadhi ya programu ya Uber huko GitHub, wakakuta humo funguo za kufungulia ghala la data, wakazoa taarifa za watu milioni 57. Uber iliwalipa dola 100,000, ikanyamaza hadi Novemba 2017. Toyota nayo iligundua Septemba 2022 kwamba ufunguo wa mfumo wake wa T-Connect ulikuwa hadharani GitHub tangu Desemba 2017. Anwani 296,019 za barua pepe za wateja zilikuwa hatarini. Kama wenye jeshi la wahandisi yamewakuta, sembuse wewe mwenye fundi mmoja wa kibarua? Na wanaowinda nywila hizi ni programu, hazichagui mkubwa wala mdogo.

Dawa si ghali. Mfumo uwe na akaunti yake, isiyo na kazi nyingine ila kutuma. Nywila ikae nje ya programu, kwenye faili linalosomwa na mfumo huo tu. Mawasiliano na seva yasimbwe kwa TLS; base64 si usimbaji, mtoto wa shule anaweza kuifumbua. Nywila ikishaingia kwenye historia ya Git, kufuta mstari hakusaidii kitu, badilisha nywila. Gmail yenyewe ilianza Mei 2022 kukataa programu zinazoingia kwa nywila ya kawaida. Inatoa nywila ya pekee ya herufi 16, ambayo unaweza kuifuta bila kugusa akaunti yako.

Mabosi nao wasijifiche nyuma ya fundi. Mnataka mfumo wiki hii, kwa bei ya kutupa, halafu mnashangaa? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wajibu wa kulinda taarifa za wateja ni wa taasisi inayozikusanya.

Kwa hiyo siku mkiibiwa, msituletee waandishi taarifa kwamba "tumevamiwa na wadukuzi". Hakuna aliyevunja mlango. Ufunguo mliuacha unaning'inia kitasani.

Naomba kutoa hoja.