Mshika Matano

Wazee wetu walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na walimu huitumia kila wamwonapo mwanafunzi anayerukaruka huku na huku bila kumaliza jambo. Sina nia ya kubishana na wazee. Lakini napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za kijana mmoja wa Misri aliyeshika matano, kisha nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi wenyewe hapa shuleni.

Kijana huyo ni Ahmed Elgendy, aliyezaliwa mwaka 2000. Mchezo wake ni pentatholoni ya kisasa, nao haujulikani sana kwetu, kwa hiyo yafaa niueleze kwanza. Wazo lake ni la Pierre de Coubertin wa Ufaransa, yule yule aliyefufua Michezo ya Olimpiki, na ulichezwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mambo matano yaliyochaguliwa yalikuwa yale yaliyompasa askari wa siku zile: kupigana kwa upanga, kuogelea, kupanda farasi, kupiga bastola na kukimbia. Kwa miaka mingi washindi walikuwa maofisa wa jeshi, mpaka mwaka 1952 Lars Hall wa Sweden, ambaye hakuwa askari, alipoichukua medali ya dhahabu. Wanawake waliingia katika mchezo huu wa Olimpiki mwaka 2000.

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 mambo yalikuwa hivi. Kwa upanga, kila mchezaji hukutana na wenzake wote, na anayemgusa mwenzake mara moja tu ndiye mshindi. Kuogelea ni mita 200. Farasi hupatikana kwa kura, na mpandaji hupewa dakika 20 tu za kuzoeana naye kabla ya kuruka vizuizi. Mwisho huja mbio za mita 3000, ambazo ndani yake mchezaji husimama mara nne kupiga shabaha iliyo umbali wa mita 10. Siku hizi bastola si ya risasi, ni ya mwanga wa leza. Haruhusiwi kuondoka mahali pale mpaka aipate shabaha mara 5, au zipite sekunde 50.

Jambo la kuangalia sana ni hesabu yake. Pointi za michezo ya awali hujumlishwa, na katika mbio za mwisho kila pointi moja ni sekunde moja. Mwenye pointi nyingi huondoka kwanza, na wengine humfuata kwa kadiri walivyopungukiwa. Anayefika mwanzo kwenye utepe ndiye bingwa. Kwa hiyo udhaifu haufichiki. Ukizembea kwa upanga asubuhi, utaulipa kwa miguu yako jioni.

Elgendy alijifunza hesabu hiyo mapema. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Vijana huko Buenos Aires, alipata dhahabu ya wavulana, na upande wa wasichana dhahabu ikaenda kwa Salma Abdelmaksoud, naye pia wa Misri. Wakati ule Elgendy alikuwa na miaka 18, yaani mwaka mmoja tu zaidi ya umri wangu. Michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021 alipata medali ya fedha, akawa Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Joe Choong wa Uingereza alimshinda kwa pointi 1482 kwa 1477. Pointi tano! Kijiti kimoja kikiangushwa na farasi, mpandaji hupoteza pointi 7. Tofauti ya dhahabu na fedha ilikuwa ndogo kuliko kijiti kimoja.

Mtu mwingine angeridhika na fedha ile. Elgendy alirudi mazoezini, na tarehe 10 Agosti 2024, katika uwanja uliowekwa Versailles, alipata dhahabu kwa pointi 1555, rekodi ya dunia. Wala hakutokea jangwani peke yake. Kabla yake Aya Medany, msichana wa Misri, alikwenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 15, na mwaka 2008 huko Beijing akawa wa nane. Nchi ile ilisubiri, ikafundisha watoto wake, na mavuno yakaja.

Sasa nageukia sisi. Tukiwa Kidato cha Nne twajua kuwa daraja la mtihani wetu huhesabiwa kwa masomo saba tuliyofanya vizuri zaidi. Shabaha ya utaratibu huo ni njema, lakini wenzetu wengi wameufanya kuwa mlango wa kutorokea. Utasikia, “Mimi Hisabati nimekwisha iacha, saba zangu zatosha.” Wengine wameiacha tangu Kidato cha Pili. Huingia darasani, hukaa nyuma, huandika jina juu ya karatasi ya mtihani na kulala. Na katika michezo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi akifika Kidato cha Kwanza akaonekana ana mbio, basi jina lake ni mbio mpaka aondoke. Akionekana mzito, basi ni mshangiliaji mpaka aondoke. Hakuna amwulizaye mara ya pili.

Maoni yangu ni kwamba desturi hii yatudhuru. Tuna miaka 13 na 14 tunapopewa majina hayo, na mtu wa umri huo hajui bado atakuwa nani. Aliyeiacha Hisabati kwa sababu ya saba bora hukutana nayo tena atakapotaka kusoma uuguzi, ufundi au kuendesha duka la baba yake. Deni lile lilikuwapo siku zote. Mchezaji wa pentatholoni hulilipa deni lake jioni ile ile, lakini sisi hulipa baada ya miaka kumi, tena na riba.

Najua nitajibiwa kwamba bingwa wa kweli hushika jambo moja. Watanitajia Filbert Bayi wetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Jibu hilo lina nguvu, nami nakubali kuwa dunia yahitaji watu waliobobea katika jambo moja. Elgendy mwenyewe akiwekwa katika bwawa pamoja na waogeleaji wa Olimpiki, hatawaona ila migongo. Lakini tusisahau kuwa Bayi huyo huyo, mwaka 1980 huko Moscow, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Naye basi alishika mawili.

Wala simpingi mzee aliyetunga methali. Mshika mbili huponyokwa kwa sababu huzishika zote kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Mchezaji huyu hushika kila jambo kwa saa yake. Akimbiapo moyo humdunda, lakini afikapo kwenye shabaha hana budi kuutuliza, mkono usitetemeke. Akimaliza huondoka mbio tena. Ustadi wake mkubwa ni kule kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kubeba yaliyopita. Sisi wa bweni tungejifunza hilo, maana wengi tukitoka uwanjani saa kumi na mbili jioni, mpira huingia nasi katika masomo ya usiku.

Tena mchezo wenyewe umebadilika. Huko Tokyo farasi aliyepewa Annika Schleu wa Ujerumani, aliyekuwa akiongoza, alikataa kuruka, na mambo yaliyotokea pale yaliwaudhi watu duniani kote. Baada ya Paris farasi ameondolewa, na mahali pake pamewekwa njia ya vikwazo vya kupanda, kuning’inia na kuruka. Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 itakuwa hivyo. Maana yake bingwa wa dunia yampasa kuwa mwanafunzi tena katika jambo la tano. Kwetu ni habari njema, kwa kuwa farasi ni ghali, lakini kamba na ukuta vyapatikana kila wilaya.

Kwa hiyo natoa shauri kwa walimu wa michezo na wakuu wa mabweni. Siku ya michezo ya muhula ujao pawe na kikombe cha mshika matano, kwa wavulana na kwa wasichana: mbio za mita 800, kuruka juu, kutupa tufe, kutia mpira katika goli la netiboli mara kumi, na la tano, kufanya hesabu tatu ubaoni papo hapo baada ya kukimbia, kabla pumzi haijarudi. Pointi zote zijumlishwe, pasiwe na la kuachwa. Vifaa vyote hivyo tunavyo, pamoja na chaki.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili likizoni, msituulize tu somo tuliloongoza. Ulizeni pia lile la mwisho, na tumelifanyia nini.