Mashine ya umeme haiponyeshi mishipa, acheni kuwadanganya wahamaji

Leo nasema bila kuficha. Kwenye kambi na katika familia zinazopokea wahamaji wa vita, kuna watu wanapita na mashine ndogo ya betri yenye nyaya na vibandiko. Wanakubandika miguuni, unasikia kama sisimizi wanatembea, kisha wanadai pesa na kusema mishipa ya fahamu imepona.

Ni uongo. Sisemi mashine yenyewe ni uchawi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ishara nyingine kutoka kwenye ngozi zinaweza kuzuia maumivu njiani kabla hayajafika kwenye ubongo. Ndiyo kazi ya umeme ule mdogo. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kiliandika kwamba yaelekea unapunguza maumivu ya mishipa yanayoletwa na sukari. Kupunguza maumivu, wapenzi, siyo kuponyesha.

Mama mdogo wangu alibandikwa mara sita, kwa pesa ya unga wa watoto. Miguu ilikuwa inawaka kama makaa. Hakuna aliyempima sukari hata siku moja. Tulipomfikisha kwa muganga, kidole kimoja kilikuwa kimeoza, naye hasikii kitu.

Ninyi wenye mashine, mnajua anayekaa mbele yenu anaumwa nini? Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa ukoma, ambao bado uko hapa Kongo na dawa yake ni ya bure. Ila mshipa ukikaa muda mrefu umelemaa, haurudi. Inaweza kuwa mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi bila vitamini B6. Ninyi wote mnawapa waya uleule! Tena mnaubandika kwenye ngozi iliyokufa ganzi. Asiyesikia moto atajuaje kwamba anaungua?

Na wakubwa wa zone ya afya wasicheke. Watu wanakimbilia hao wafanyabiashara kwa sababu kituoni wanaambiwa vipimo vya sukari vimekwisha, warudi wiki ijayo. Mhamaji anarudi kwa miguu gani?

Mama, papa, jioni hii mwangaliane nyayo na katikati ya vidole, kwa taa. Mkiona kidonda kisichouma, kesho asubuhi kituoni, na muulize kwa sauti: mnapima sukari leo?