Kona za Mwese haziliwi kwa moyo

Kijiwe chochote cha bodaboda mjini Mpanda kinachopeleka watu Mwese kina walimu wake. Ni wale waliopanda na kushuka milima ya huko miaka mingi, wakipeleka abiria na saruji, wakirudi na mahindi na maharage, na wanapoongea kuhusu kona kijana aliyenunua pikipiki yake ya Boxer juzi hunyamaza na kusikiliza. Mengi wanayomfundisha ni ya kweli. Wanajua mahali maji ya mvua yanapokata barabara, wanajua saa ambazo malori hushuka. Lakini katika suala la namna ya kuilaza pikipiki kwenye kona, kuna madai yanayorithishwa hapo kijiweni ambayo sharti yajibiwe, kwa sababu baadhi yake yanavunja watu miguu.

Linaloyazaa mengine ni hili: kona ni moyo. Mwenye moyo anapita, mwoga anaanguka.

Moyo hauingii kwenye hesabu hii. Chukua kona ya kawaida ya mlimani, ambayo ukilichora duara lake zima, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 25. Ukiingia na kilomita 30 kwa saa, pikipiki italala nyuzi 16 hivi, na abiria hata hatakatisha mazungumzo yake ya simu. Ukiingia na 40 italala nyuzi 27. Ukiingia na 60 itabidi ilale karibu nyuzi 49, na matairi yatatakiwa kuishika ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wote wa pikipiki na waliomo. Lami kavu yenye afya, na tairi lenye meno, huishia karibu na hapo. Changarawe iliyolegea juu ya udongo mgumu haikupi kwa uhakika hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo kwenye kona hii ya vumbi, hata 40 ni mwendo wa kuombea dua. Tena nguvu inayokutupa nje haiongezeki sawa na mshale wa spidi: mwendo ukizidi mara mbili, yenyewe inazidi mara nne. Aliyeanguka na 50 huenda alikuwa jasiri kuliko wote waliopita pale siku hiyo.

Na kuna kipimo kingine ambacho kijiweni hakitajwi kabisa, nacho ni macho. Kwa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Kona iliyofunikwa na miti inakuonyesha labda mita 30 za barabara, na barabara yenyewe ni nyembamba, na lori linalokuja nalo linazila mita hizo hizo kutoka upande wa pili. Mwendo wako wa kona ni ule unaokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya unachokiona. Piga honi, sawa, lakini honi haisimamishi kitu.

Dai la pili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo lililokita mizizi: usiguse breki ya mbele, inapindua. Nenda kwa fundi yeyote ukamwangalie akifungua magurudumu ya pikipiki ya biashara. Breki shuu za nyuma zimeliwa hadi chuma kinakwaruza dramu. Za mbele zinang'aa kama zilivyotoka kwenye boksi. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wameilegeza kebo ya mbele mpaka mkono wa breki unagusa mpini bila kushika chochote, ili wasije wakajisahau wakaibana. Yaani mtu amelipia breki mbili, akaitupa iliyo bora.

Ni bora kwa sababu hii: unapopunguza mwendo, uzito unakimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa ardhini na linashika zaidi; la nyuma linakuwa jepesi. Ukilikanyagia breki tairi jepesi, linajifunga na kuserereka, na hapo kwenye mteremko unayo pikipiki inayoteleza bila kupungua mwendo vya kutosha. Kazi kubwa ya kusimama hufanywa na gurudumu la mbele, iwe pikipiki ina dramu au ina diski.

Hata hivyo wazee wa kijiwe wana nusu ya haki, na nusu hiyo tuwape. Breki ya mbele inapindua kweli ukiibana ghafla, ukiibana pikipiki ikiwa imelala, au ukiibana usukani ukiwa umekatwa juu ya changarawe. Tairi moja haliwezi kufanya kazi mbili kwa nguvu zake zote: likitumia uwezo wake kusimama, halibakishi wa kukata kona. Dawa yake ni wakati na mkono. Funga breki mapema, pikipiki ikiwa wima na njia ikiwa imenyooka. Igusanishe kwanza, subiri mbele ibonyee kidogo, ndipo ukaze. Kwenye vumbi tumia zote mbili, ya mbele kwa vidole viwili tu. Kona inapoanza, breki iwe imekwisha kazi yake au inaachiliwa taratibu.

Wapo wanaosema pikipiki inageuzwa kwa mwili, na kwamba mikono inashika tu usukani usidondoke. Dai hili lina wafuasi hata miongoni mwa watu wanaoendesha vizuri sana, maana mikono yao inafanya kazi ambayo vichwa vyao havina habari nayo. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye pamoja na ndugu yake walikuwa na duka la baiskeli, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi wanakataje kushoto, akagundua kwamba hawakuweza kueleza kwa usahihi wanachokifanya wenyewe: wote walianza kwa kuusogeza usukani kidogo kulia. Keith Code, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha California Superbike School mwaka 1980, alilimaliza bishano hilo kwa chuma. Alitengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa kwenye fremu, usiogeuka, lakini wenye mafuta yake. Anayeendesha akiushika huo wa pili anabaki na mwili wake tu. Hujipinda, hujiinamisha, na pikipiki huendelea na safari yake, ikiyumba kidogo huku na huku.

Ukiwa na mwendo wa kutosha, kuanzia kilomita 20 hivi kwa saa na kuendelea, unaelekea kushoto kwa kuusukuma mpini wa kushoto mbele. Pikipiki inalalia kushoto, na ikishalala inakata. Chini ya mwendo huo, kama unageuza uani, usukani unafuata unakokwenda. Mwili unasaidia, lakini ni msaidizi.

Tazama kinachotokea mtu asipolijua hili. Amekunja kona ya kushoto, ghafla lori limejaza njia. Anahisi anatupwa nje kuelekea lori, kwa hiyo anauvuta usukani kushoto kwa mikono yote miwili, kwa hofu, kwa nguvu. Pikipiki inatii: inanyanyuka, inaanza kulalia kulia, inamfikisha kwenye lori lenyewe. Mashuhuda watasema alichanganyikiwa. Mikono yake haikufundishwa kingine.

"Shimo likazie macho ili ulikwepe." Hili ni fupi: unakokazia macho ndiko mikono inakokwenda. Shimo lione mara moja, kisha macho yahamie kwenye njia safi ya pembeni yake, na kichwa kigeuke kufuata mwisho wa kona.

Kuhusu kuweka fri na kuzima injini mteremkoni, najua hoja ni mafuta, na najua bei ya lita moja huku mbali na mji. Lakini ukiiacha gia ndani na kufunga mafuta, injini inakunywa kidogo sana, hivyo unachookoa kwa kuzima ni kidogo mno. Unachopoteza ni kingi. Injini ni breki ya tatu, tena isiyochemka. Ukiitoa, mteremko mrefu wote unabebwa na dramu mbili ndogo, ambazo zikipata moto hushika kidogo kadiri unavyozidi kukanyaga. Pikipiki nyingi ndogo taa zake nazo hutegemea injini, kwa hiyo usiku umezima vyote kwa pamoja. Na katikati ya kona unahitaji mafuta kidogo, ya kusawazisha tu, ili uzito usirundikane tairi la mbele. Pikipiki iliyo fri haina cha kukupa.

Vijana wenye simu wana dai lao jipya: wameona Marc Márquez, yule wa mashindano ya pikipiki, akilaza pikipiki zaidi ya nyuzi 60, goti na kiwiko vikikwaruza lami, na wanasema huo ndio ufundi. Ni ufundi kweli. Sasa tuuangalie umesimama juu ya nini. Matairi hupashwa moto kwa mablanketi ya umeme kabla ya kuingia uwanjani. Lami imefagiwa. Wote wanaelekea upande mmoja, na kona ni zilezile mzunguko baada ya mzunguko. Anayeserereka anakuta uwanja wa changarawe wa kumpokea, naye amevaa ngozi kutoka shingoni hadi vidoleni. Huku Mwese changarawe iko ndani ya kona, na nje ya kona kuna korongo.

Cha kuazima kutoka uwanja wa mashindano ni utaratibu, na huo uko palepale hata kwa Boxer yenye gunia: punguza mwendo kwanza, chagua gia, geuza macho, laza, kisha ongeza mafuta taratibu ukiona njia inafunguka. Mstari wao usiuazime wote. Wao hukata hadi ukingo wa ndani wa kona. Sisi tunaoendesha kushoto, ukingo wa ndani wa kona ya kulia ni njia ya mwenzako, na ukilala humo kichwa chako kinatangulia kwenye upande wa lori hata kama matairi yako yako upande wako. Kona ya kulia kaa kushoto. Kona ya kushoto sogea karibu na katikati, bila kuvuka, ili uone mbali. Na kwa mwili, ukitaka mfano wa vumbi waangalie wa motokrosi, kama wale wa Busiika nchini Uganda. Wao hawaning'inii ndani ya kona. Wanaisukuma pikipiki ilale chini yao, wao wakibaki wima, uzito ukiwa kwenye kikanyagio cha nje, ili tairi likiteleza wasiende nalo.

Abiria na mzigo navyo husingiziwa. Eti mkiwa wawili pikipiki inatulia, ongeza mwendo. Kwa mwendo uleule, kona ileile inadai mlalo uleule uwe peke yako au na mtu. Kilichobadilika ni kwamba breki zilezile zina uzito mkubwa zaidi wa kuzuia, shokapu zimedidimia, vikanyagio viko karibu na ardhi. Gunia lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma linainyanyua mbele, na tairi la mbele jepesi halikati. Lisogeze mbele kadiri inavyowezekana, ulikaze. Abiria mwambie neno moja kabla ya kuondoka: kona ikija, usijinyooshe, lala ninavyolala. Mshikaki wa watatu sheria imeshaukataza. Sina la kuongeza.

Limebaki la wale wenye umri: mimi nimezoea, sijifunzi kona leo. Mazoea ya barabara ya vumbi hudumu mpaka mvua inayofuata. Kati ya Novemba na Aprili, kona uliyoijua jana leo ina mfereji, au ina tope laini lililoletwa na maji usiku. Aliyezoea kona hajui afanye nini ikibadilika. Aliyezoea breki yake anajua. Uwanja wa mpira wa shule, jioni watoto wakishaondoka, unatosha. Nenda huko na kofia ngumu kichwani na kebo ya mbele ikiwa imekazwa. Anza na kilomita 20, simama kwa breki zote mbili mpaka ujue tairi la mbele linaanza kuteleza wapi. Kisha weka mawe mawili, yazunguke kwa namba nane, ukisukuma mpini wa upande unakokwenda, macho yakiwa kwenye jiwe linalofuata. Upande wako mmoja utakuwa mgumu kuliko mwingine. Huo ndio wa kurudia.