Nyota tano za mlimani anazijua mpagazi

Mgeni akishuka Kilimanjaro hadi Geti la Mweka, cheti mkononi na vumbi bado usoni, sisi waongozaji huwa tuna ombi moja: akifika hotelini atuandikie maoni mtandaoni, na jina la mwongozaji asilisahau. Ofisi zinahesabu. Anayetajwa sana hupangiwa safari za Julai na Agosti. Asiyetajwa hukaa nyumbani akisubiri simu.

Hivyo ndivyo nyota tano nyingi za mlima wetu zinavyopatikana. Si za uongo. Mtu aliyeamshwa usiku wa manane pale kambi ya Barafu, akasukumwa kwa maneno matamu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, akarudi salama, angetupa hata nyota kumi kama zingekuwepo.

Uongo mtupu nao upo. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja, Oobah Butler, alikigeuza kibanda cha uani kwake kusini mwa London kuwa mgahawa wa mtandaoni tu. Rafiki zake wakausifu, na TripAdvisor ikaupandisha hadi namba moja jijini humo kabla hajampikia mteja hata mmoja. Marekani iliweka kanuni mwaka 2024 ya kupiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni ya kughushi. Vizuri. Lakini hakuna kanuni itakayotusaidia na maoni ya mtu mkweli ambaye hakuona kitu.

Maana mgeni anaona nini? Hema la chakula, supu ya moto, nyimbo za kumkaribisha kambini. Haoni wapagazi wanavyobanana kwenye hema lililochanika, wala sufuria ya ugali inayoliwa mara moja kwa siku. Sheria ya hifadhi inataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa kampuni, na mizani ipo getini. Nimeona mizigo ikipunguzwa kabla ya mizani na kurudishwa baada ya kona ya kwanza. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilisifiwa mtandaoni kama malaika. Wapagazi wake walikuwa wakidai malipo ya safari ya mwezi uliopita, na waliimba vilevile, kwa sababu bakshishi ya mgeni ndiyo pekee waliyokuwa na uhakika nayo.

Pale Moshi kuna shirika la kutetea wapagazi, KPAP, tangu mwaka 2003. Lenyewe huwauliza wapagazi: umelipwa kiasi gani, umekula nini, umelala wapi. Kampuni inayokubali kuulizwa hivyo naiamini kuliko yenye maoni elfu moja ya watu waliokuwa wamelala kwenye hema la peke yao.

Siku hizi Watanzania nao wanapanda kwa wingi, hasa kuelekea Desemba 9, Siku ya Uhuru. Ninyi mna kitu ambacho mgeni wa Ulaya hana: mnazungumza lugha moja na aliyebeba begi lenu. Kabla ya kulipia, pigeni simu ofisini muulize mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, na anazipata lini akishashuka. Mkijibiwa kwa kigugumizi, tafuteni kampuni nyingine. Na mkirudi, msiandike habari za supu tu. Andikeni alichowaambia mpagazi, ila jina lake msilitaje. Bado anahitaji kazi.