Kioo cheusi si sababu ya kuwarudisha wahami

Kioo cha kompyuta kikizimika kwenye ofisi ya kuandikisha wahami wa vita, mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa: "Mashini imekufa, majina yamepotea, rudi kesho." Hiyo si kweli. Majina yaliyohifadhiwa hayakai kwenye kioo. Yanakaa ndani ya kompyuta yenyewe.

Kabla ya kumrudisha mtu, mwenye kuandikisha akague. Taa ndogo ya kioo haiwaki? Atazame waya wa umeme na kitufe. Inawaka, lakini kioo kinaandika kwamba hakipati picha? Pengine kompyuta imelala tu, au waya unaoiunganisha na kioo umelegea. Aukaze au aubadilishe. Bado ni giza? Amulike kioo kwa tochi: picha hafifu ikionekana, taa ya nyuma ndiyo imekufa. Aunganishe kioo kingine, kazi iendelee.

Ukaguzi huo ni wa dakika chache. Mama yule ametembea tangu alfajiri, na daftari na kalamu hazingoji umeme. Wakubwa wa ofisi waache kuficha uzembe nyuma ya kioo. Nao wahami wana haki ya kuuliza: je, waya umekaguliwa?