Sura Moja, Makanisa Mawili

Mpendwa mama,

Binti wa Kibatisti akichumbiwa na kijana Mkatoliki, wazee wa pande zote huanza kuhesabu tofauti: ubatizo wa watoto wachanga, rozari, Papa. Tofauti hizo ni za kweli. Lakini Wabatisti wanaoshika sana mapokeo ya zamani wanafanana na Wakatoliki kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Tuwatazame wale wa Uingereza ambao jina lao lina maana ya "Wabatisti Wakali". Ukali unaotajwa katika jina hilo ni wa Meza ya Bwana. Anayeshiriki ni yule tu aliyeamini, akazamishwa majini, akawa wa kanisa lenye imani ile ile. Kabla ya kupokewa, hueleza mbele ya washirika jinsi Mungu alivyomwokoa.

Kanisa Katoliki nalo, kwa kawaida, hutoa Komunyo kwa Wakatoliki tu. Mtu mzima anayejiunga hufundishwa kwanza. Mwenye dhambi ya mauti huungama kabla ya kupokea, na mpokeaji hufunga chakula kwa muda usiopungua saa moja.

Hata kichwani wamefanana. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Agizo hilo halimo katika sheria ya mwaka 1983, ingawa wapo wanaoendelea kwa hiari. Kwa wale Wabatisti, katika makanisa mengi mwanamke bado huvaa kofia ibadani.

Kufunika kichwa na kujichunguza kabla ya kushiriki, yote mawili yamo katika 1 Wakorintho 11. Watu wasiopatana juu ya Papa wamesoma sura moja na kuitii kwa uzito ule ule.

Sasa njoo nyumbani kwako. Siku moja wewe au mkwe wako mtabaki mmekaa wenzenu wakishiriki. Inauma, na mama wengi hurudi nyumbani wakisema, "Wametudharau." Tafadhali usifike huko haraka. Anayelinda meza hivyo anaogopa mtu asile isivyostahili. Mweleze mwanao jambo hilo mwenyewe, kabla hajaelezwa na majirani.

Hata hivyo, katika sura hiyo hiyo Paulo anawakemea Wakorintho kwa kuwa mmoja alikaa na njaa na mwingine amelewa. Anawaambia wangojane. Anayeshika ukali akasahau kungojana ameshika nusu ya sura.

Tena, wawili wanaofanana kwa ukali hawapishani kirahisi. Mkatoliki anayeomba ruhusa ya kufunga ndoa na Mbatisti huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Mbatisti naye haamini ubatizo wa mtoto mchanga. Basi, mama, waketishe vijana walizungumze kabla ya kutoa mahari. Likiachwa hadi mtoto azaliwe, litageuka ugomvi wa koo mbili.

Wakishaoana, kumbuka kuwa ipo meza moja isiyo na masharti, nayo iko mikononi mwako. Jumapili mchana, kila mmoja akitoka kanisani kwake, pakua chakula, uwaite wakwe zako, na usianze mpaka wote wamefika.

Mungu aibariki nyumba yako.